Subira ya Fundi wa Kompyuta Mpakani

Mali bila daftari hupotea bila habari, na kule Busia na Malaba, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, daftari hilo siku hizi limo ndani ya kompyuta, mara nyingi ya mtumba. Wakala wa forodha anayeshughulikia malori Malaba, au mama anayeuza nafaka kwa jumla Busia, ameweka humo ankara, hati za mizigo, nakala za vitambulisho vya madereva na picha za arusi ya bintiye. Mashine ikianza kukwamakwama, hununua nyingine na kumpelekea fundi zote mbili. Kazi inayofuata inastahili kutazamwa kwa utulivu.

Fundi mzuri haanzi na faili. Huikagua kwanza mashine iliyonunuliwa. Huingia kwenye mipangilio ya ndani kabla Windows haijaamka, aone kama ofisi iliyoitumia awali iliacha nywila. Iliyofungwa hivyo hurudishwa kwa muuzaji. Hutazama tarehe. Ikisoma 2012, anajua ile betri ndogo ya duara kwenye bodi imekufa. Wengi hulipuuza jambo hili, lakini saa ikirudi nyuma kiasi hicho, tovuti salama hukataa kufunguka, maana vyeti vyake huonekana kama havijaanza kutumika. Hubadilisha betri, hupima afya ya diski, kisha hufuta yote yaliyomo na kuweka mfumo upya, kwa kuwa hajui ni programu gani imejificha humo. Pia humwambia mteja wazi kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba si kila mashine kuukuu inakubali Windows 11.

Ndipo huigeukia ile ya zamani. Huifungua, huchomoa diski na kuiunganisha kwa waya wa USB. Hapa ndipo ustadi wake unapoonekana: hunakili tu, hahamishi. Stima ikipotea katikati ya kazi, faili asili zingali mahali pake.

“Mama, barua pepe zako unazisomea wapi?”

“Kwa ile programu ya bluu yenye herufi O, fundi.”

Jibu hilo ni muhimu. Barua za programu hiyo huenda zikawa kwenye folda iliyofichwa, sawa na nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Anayenakili nyaraka na picha pekee huziacha nyuma bila kujua. Nywila ikihitajika, fundi husogeza kibodi kwa mteja na kutazama kando. Akimaliza, hulinganisha idadi ya faili na ukubwa wake pande zote mbili, kisha humwomba mwenyewe afungue ankara ya zamani kabisa, picha moja na video moja. Jina la faili kuonekana kwenye orodha hakumtoshi. Ni lazima ifunguke.

Diski ya zamani haifuti siku hiyo. Humkabidhi mteja aiweke hadi atakapokuwa ameizoea mashine mpya na kuhakikisha hakuna kilichosahaulika. Ikirudi, huifuta kikweli. Kufuta kwa kawaida huacha data palepale, nafasi yake ikihesabiwa tu kuwa iko wazi. Kwa hiyo diski ya sahani zinazozunguka huiandika juu yote. SSD, isiyo na sahani hizo, huifuta kwa amri maalumu ya mtengenezaji. Kenya na Uganda zote zilipitisha sheria za kulinda data za watu mwaka 2019, na vitambulisho vilivyomo ni vya raia wa pande zote mbili.

Mteja huondoka na mashine inayowaka haraka, na hilo ndilo analolisifu. Mimi namsifu fundi kwa lile lisiloonekana: kila hatua isiyoweza kurudishwa nyuma aliiweka mwisho, na hakuigusa mpaka mwenye mali aliporidhika.