Nyimbo za Nyumbani na Nyimbo za Adui

Siku hizi msiba wa Chala unajulikana kwa sabufa. Turubai likishafungwa na kuni zikishafika, kijana mmoja anachomeka flashi yake, na kuanzia jioni hadi alfajiri nyimbo za injili zinapigwa bila kupumzika. Katika flashi hiyo moja utawakuta Waadventista wa Kigali, Walutheri wa Dar es Salaam, Wapentekoste wa kila mahali, na kwaya zetu za Kikatoliki zikifuata nyuma. Simlaumu kijana. Wimbo mzuri haumuulizi msikilizaji cheti cha ubatizo. Lakini wapendwa, mfiwa amekaa pale chini usiku kucha, na kila wimbo unamwambia jambo fulani kuhusu Mungu. Zipo nyimbo zinazomwambia habari za nyumbani, na zipo zinazomwambia habari za adui. Mimi naziona ni injili mbili tofauti.

Tuanze na za nyumbani. Unaojulikana kuliko zote huku kwetu ni Kwetu Pazuri, wimbo wa Ambassadors of Christ, kwaya ya Waadventista wa Remera mjini Kigali. Kwaya hiyo ilizaliwa baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na neno "kwetu" likitoka kinywani mwa Mnyarwanda wa kizazi kile si neno jepesi. Mwaka 2011, wakiwa njiani kurudi kwao kutoka Tanzania, walipata ajali, na wanakwaya watatu wakafariki. Tangu hapo wengi wetu hatuwezi kuusikia wimbo ule bila kuwakumbuka. Hata hivyo nguvu yake haikuletwa na ajali. Nguvu iko katika namna unavyoimbwa: sauti nne zinaingia kila moja kwa zamu yake, hakuna anayepiga kelele, na besi inatembea chini taratibu kama mtu anayejua njia.

Uimbaji wa namna hii una ndugu zake mbali. Kusini mwa Marekani, mwaka 1910, mchapishaji wa vitabu vya nyimbo wa Lawrenceburg, Tennessee, aitwaye James D. Vaughan, aliwatuma wanaume wanne wazunguke makanisani wakiimba ili watu wanunue vitabu vyake. Ilikuwa biashara, tusifiche. Lakini angalieni walichokuwa wakiuza: kitabu, ili watu wakiimbe wenyewe. Kundi la wanne lilikuwa mfano tu wa jinsi sauti nne zinavyokaa pamoja. Baadaye zikaja sahani za santuri na redio, na Waadventista nao wakawa na kundi lao la wanaume wanne, King's Heralds, lililoanzia Texas mwaka 1927. Wazee wetu waliomsikiliza Jim Reeves akiimba nyimbo za kanisa kwa ile sauti yake ya chini wanaujua utulivu ninaousema. Mbingu katika muziki huo ni nyumba, ina mlango, na kuna mtu anayekungoja ndani.

Wapo wanaosema nyimbo hizi zinawalaza watu, kwamba ukiimba sana habari za mbinguni utaacha kupalilia mahindi yako. Sikubaliani nao, na sababu yangu haiko mbali. Mkoa wetu ulipokuwa bado umeungana na Katavi, ulikuwa na makazi ya Katumba na Mishamo, walikoishi Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Wenzao waliwekwa Ulyankulu, Tabora, na kanda za kwaya za Ulyankulu zilisikika nchi nzima. Watu wale waliimba habari za nyumbani huku wakifyeka pori na kulima. Wala nyumbani kwao hakukuwa mahali pa kujificha wasiione dunia. Walikuwa wamekupoteza kweli. Ndivyo walivyokuwa wale mateka wa Babeli katika Zaburi ya 137, ambao hawakuweza kuimba kwa sababu walipapenda mno mahali walikotolewa. Mtu anayetamani nyumbani anakiri kwamba kuna kitu kimevunjika. Mfiwa anahitaji kusikia hilo likikiriwa.

Sasa nyimbo za adui. Sitataja mwimbaji, maana ni wengi mno, na baadhi wana sauti za ajabu. Mtindo wake mnaujua: kinanda kinakwenda mbio, mwimbaji anatangaza kwamba waliomcheka wataaibika, waliomchimbia shimo watatumbukia wao, na Mungu atamwinua mbele ya macho yao. Mwimbaji wa mjini labda anamfikiria shetani, au mwenzake wa kazini. Lakini wimbo huo ukipigwa saa nane za usiku kijijini, kando ya jeneza, adui ni nani? Kila aliye chini ya turubai anatafuta jina, na jina halichelewi kupatikana: shemeji asiyeelewana na marehemu, bibi kizee wa nyumba ya tatu. Tunajua huku kwetu maneno ya namna hiyo yanaweza kumfikisha wapi bibi kizee.

Atakuja mwalimu wa dini aniambie kwamba Zaburi nazo zina laana, atanionyesha ile ya 109. Ni kweli. Ila yule mwenye Zaburi anamlalamikia Mungu, na kesi anaiacha kwa Mungu. Nyimbo hizi zinamwimbia jirani, na hukumu imeshatolewa kabla ya kiitikio. Mathayo 5 haionekani popote.

Kwetu Pazuri nao nina neno juu yake. Rekodi yake ni safi mno kwa usiku wa msiba, na faraja inafika upesi kuliko machozi. Zaburi ya 88 inaishia gizani bila jibu lolote, na bado Kanisa linaisali. Sijasikia albamu yoyote ya injili ya Kiswahili yenye ujasiri wa kuishia hapo. Watunzi wetu, kama mnasoma, nafasi hiyo iko wazi.

Kuna kitu kingine ambacho nimekiona zaidi ya mara moja. Umeme unakatika, sabufa inanyamaza. Kama ulikuwa unapigwa wimbo wa adui, kunakuwa kimya, watu wanaanza kutafuta tochi. Kama ulikuwa Kwetu Pazuri, akina mama waliokaa karibu na mfiwa wanaendelea pale pale ulipokatikia, sauti ya pili inajitokeza upande wa jikoni, na wanaume walioko kwenye moto, ambao Jumapili hawaimbi kabisa, wanashika besi.