Fundi wa Valvu ya Chini

Kisian, karibu na Kisumu nchini Kenya, inajulikana mbali kwa maabara za KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na kwa utafiti wa malaria. Lakini vijijini, pampu ya mkono ikigoma, mtaalamu anayesubiriwa ni mwingine kabisa: fundi aliyebeba spana moja, mipira michache na chombo cha kuopolea. Ziwa Viktoria liko karibu, ndiyo, ila maji yake yasipotibiwa huweza kuleta kichocho na kipindupindu.

Pampu iliyorahisisha kazi ya fundi huyo ni Afridev. Muundo wake ulikua katika miaka ya 1980, kutoka pampu ya Maldev ya Malawi hadi majaribio ya Kwale, pwani ya Kenya, kwa msaada wa UNDP na Benki ya Dunia. Kwale, shirika la KWAHO liliwafundisha wanawake wa kijijini kuitunza wenyewe. Wabunifu walikuwa wameona tabu ya pampu ya India Mark II, ambayo kubadilisha valvu yake kulihitaji kung'oa mabomba yote ya chuma. Wakaamua kwamba bomba libaki kisimani na valvu ndiyo ipande.

Fundi hodari hakimbilii kufungua. Kwanza hupampu hadi maji yatoke, kisha huiacha pampu itulie kama nusu saa. Akirudi, huhesabu ni mara ngapi mpini unashuka bure kabla ya maji kutokea. Ikiwa ni mara nyingi, maji yamevujia chini: huenda valvu ya chini haifungi. Mpini ukiwa mwepesi na maji yakitoka kidogo kidogo, anaushuku mpira wa pistoni. Yote hayo ameyajua kabla hajagusa hata nati moja.

Halafu anafungua kichwa cha pampu na kuvuta rodi moja baada ya nyingine, akizifungua kwa mikono mitupu, kwa kuwa zimeungana kwa ndoano na wala si kwa nyuzi za skrubu. Pistoni ikishatoka, anazirudisha rodi zikiwa na chombo cha kuopolea nchani. Kisima cha Afridev huweza kufika mita 45, na huko chini haoni kitu. Anashusha taratibu, akisikiliza kwa vidole kama mvuvi wa mshipi, hadi chombo kinase valvu. Anavuta kwa nguvu mara moja, na valvu inaachia.

Katika visima vya mafuta baharini, mafundi hufanya kazi ya ukoo huohuo. Gesi husukumwa kisimani ili kuyapunguzia mafuta uzito yapande, ikipitia valvu zilizopachikwa ubavuni mwa bomba. Valvu ikichakaa, huopolewa kwa waya mwembamba, mara nyingi wa milimita 2.7 tu, ulioshushwa hata kilomita kadhaa. Mkono wa chuma hujikunja kuelekea kwenye kijishimo cha valvu, nyundo ya waya ikagonga, na bomba lenyewe halisogei. Fundi wa huko ana meli, mashine na mshahara mnono. Wa Kisian ana viganja vyake, na ustadi wake si mdogo hata chembe.

Tangu Katiba ya 2010, huduma za maji ni jukumu la kaunti. Basi kaunti za ufuoni mwa ziwa ziweke mipira na valvu za akiba karibu na visima, na zimlipe fundi huyu kabla pampu haijakauka.