Kioo cha Tanuri na Jicho la Uzigua

Husemwa mara nyingi kwamba kioo kilichounganishwa kwa moto wa tanuri ni sanaa ya Ulaya iliyopandikizwa Afrika, na kwamba watu wa Handeni na Korogwe hawana la kuulizwa juu yake. Kauli hiyo ni nyepesi. Huko K2, katika bonde la Limpopo, mafundi wa karne ya 11 na ya 12 waliyeyusha shanga ndogo zilizotoka ng'ambo ya bahari, wakazitia katika kalibu za udongo, wakatoa shanga nene za kwao wenyewe. Wakrobo wa Ghana nao husaga chupa zikawa unga, wakaujaza unga huo katika kalibu, na tundu la ushanga hulipata kwa kuchomeka kikonyo cha jani la muhogo kinachoungua motoni; na muhogo si mgeni Handeni.

Kazi yenyewe yaelezeka kwa maneno machache. Vipande vya kioo hupangwa kimoja juu ya kingine, na joto likifikia kadiri ya digrii 800 za Sentigredi hulainika vikashikana. Ugumu uko katika kupoza. Moto wa wazi wa kuchomea vyungu haufai hapo, kwa kuwa kioo kisipopoa polepole kwa saa nyingi hupasuka. Na vioo viwili visivyotanuka na kusinyaa kwa kadiri moja huachana hata baada ya kazi kuonekana imetimia.

Lakini swali la mhakiki si la moto. Shanga za Venisi zilipanda bara kwa njia nyingi, mojawapo ikiwa bonde la Pangani, ambalo Burton na Speke walilifuata mwaka 1857 walipokwenda Vuga, na ambamo reli ya Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Katika kitabu chake cha mwaka 1860, Burton aeleza hofu ya wafanyabiashara wa misafara: kila nchi ilikuwa na rangi zake, na aliyebeba rangi isiyotakiwa alipata hasara. Shanga nyekundu, samesame, zilipewa hata jina la utani la kumaliza chakula, kwani mtu angetoa mlo wake azipate. Fundi wa Venisi hakumjua mwanamke wa bara. Hata hivyo ndiye aliyekuwa hakimu wake, naye hakuwa hakimu mpole.

Hakimu huyo ndiye anayekosekana leo. Kitengela, karakana aliyoianzisha Nani Croze nchini Kenya, na Shanga ya Arusha, ambako watu wenye ulemavu hugeuza chupa kuukuu kuwa vyombo na mapambo, zina ustadi usiopingika. Ila sehemu kubwa ya wanunuzi wa mapambo ya namna hii ni wageni wa siku mbili, na mgeni hununua mbuyu na simba bila kuuliza. Kipande kisichoweza kukataliwa na mtu atakayeishi nacho bado hakijahakikiwa, hata kikisifiwa vipi.

Tanuri likijengwa Korogwe, chupa za kijani na za kahawia hazitaadimika. Nyekundu ndiyo isiyopatikana katika chupa za kawaida, maana hutaka shaba, dhahabu au seleniamu ndani ya kioo. Na nyekundu ndiyo samesame.