Fumbo, Jina na Ujamaa wa Kuundwa katika The Westing Game ya Ellen Raskin

Riwaya ya The Westing Game ya Ellen Raskin, iliyochapishwa nchini Marekani mwaka 1978 na kutunukiwa Nishani ya Newbery mwaka uliofuata, huainishwa kuwa riwaya ya upelelezi kwa vijana. Uainishaji huo si kosa, ila unaficha jambo la msingi: fumbo lililomo ndilo linalowakusanya watu wasiohusiana na kuwafanya jamaa. Suala linalostahili kuchunguzwa ni iwapo ujamaa ulioasisiwa kwa hila na fedha za tajiri unaweza kuaminika.

Warithi ni 16, wengi wao wapangaji wa jengo moja kando ya Ziwa Michigan, jimboni Wisconsin. Wosia wa Sam Westing unawagawa wawili wawili. Kila jozi iliyohudhuria inapewa dola 10,000 na maneno machache, kisha wote wanatakiwa kumtambua aliyemuua. Mshindi atarithi dola milioni 200. Maneno hayo yanatoka katika wimbo wa kizalendo, America the Beautiful. Warithi wanahangaika kuyapanga waliyo nayo, ilhali jibu limo katika yale ambayo hakuna aliyepewa. Yakiunganishwa, yanatoa jina la Berthe Erica Crow, msafishaji wa jengo na mtalaka wa Westing.

Kanuni hiyo, kwamba kilichokosekana ndicho jibu, inatawala pia mahusiano ya wahusika. Flora Baumbach, fundi cherehani, amefiwa na bintiye. Turtle Wexler, msichana wa miaka 13, ana mama aliye hai lakini macho yake yote yako kwa Angela, dada mkubwa. Wosia unapowaoanisha wawili hao, kila mmoja analeta pengo lake. Kwa Flora, Turtle anakuwa Alice. Kwa Turtle, Flora anakuwa Baba. Msomaji wa Kiswahili hakosi kutabasamu kwa sadfa hiyo, ingawa Raskin alifupisha tu jina la ukoo. Ujamaa huu haudokezwi popote katika wosia, na ndiyo maana unasadikika.

Suala la majina linastahili uzito zaidi. Sydelle Pulaski ni mrithi kwa kosa la utambuzi tu, kwani aliyekusudiwa ni mwanamke mwingine mwenye jina linalokaribiana na lake. Hata hivyo, aliyeingia kwa bahati mbaya anageuka kuwa mwandani wa Angela wakati ambapo mamaye Angela haoni lolote isipokuwa harusi inayokaribia. Westing naye alizaliwa Windkloppel, na majina yake mengine, Northrup, McSouthers na Eastman, yanabeba pande nyingine tatu za dunia. Mfasiri wa Kiswahili angekwama hapa: akiyaacha majina yalivyo, fumbo linakufa, akiyabadilisha, Wisconsin inapotea.

Udhaifu wa riwaya unajitokeza kwa Crow. Ili mchezo ukamilike, mwanamke maskini aliyekwisha kumpoteza binti yake wa pekee anaachwa asimame mbele ya wote na kulitaja jina lake kuwa jibu. Jaji Ford, Mmarekani Mweusi aliyekulia nyumbani kwa Westing kama mtoto wa watumishi, ndiye pekee anayemchukulia Crow kama mtu anayehitaji ulinzi tangu mapema. Jaji aliwahi kushindwa na Westing katika sataranji kwa mbinu ya kumtoa malkia kafara, hivyo anaijua tabia ya mtegaji. Wahakiki wanaoisifu riwaya hii kwa uchangamfu wake tu hupita haraka mahali hapa.

Katika utegaji wa vitendawili vya Waswahili, hadhira inayoshindwa humpa mtegaji mji, naye hulitoa jibu hadharani. Raskin anauvunja utaratibu huo. Turtle anang'amua kuwa Westing hakufa, anamfuata kwa jina lake la nne, na anairithi mali bila kumwambia yeyote. Hata Flora haambiwi. Jamaa walioundwa na fumbo wanaishi bila kulijua jibu lake, huku aliyelijua akiwadanganya kwa upendo. Westing anapokufa kweli, Turtle, sasa mwanamke mzima, anatoka kando ya kitanda chake na kwenda kucheza sataranji na mtoto wa Angela, anayeitwa Alice.