Makopa na Milango ya Seli

Uwanda wa Makonde una jua tele, lakini maji ni ya shida. Mchanga wa Newala hunyonya mvua upesi, na kwa miaka mingi watu waliyafuata maji mabondeni. Muhogo mchungu, ambao kwingine huvundikwa majini siku kadhaa, huku hukabidhiwa jua. Wanawake wa Newala na Masasi huumenya, huupasua na kuuanika mpaka uwe makopa.

Kazi hiyo inataka jicho. Ndani ya muhogo, linamarini na kimeng'enya kinachoivunja hukaa mbalimbali. Vikikutana, sumu ya sianidi hutoka na kupotelea hewani. Kipande kikikauka upesi mno, kimeng'enya husimama kabla ya kumaliza kazi. Mwanikaji hodari hana pupa.

Mwaka 1988, wakati wa uhaba wa chakula wilayani Masasi, pupa ililetwa na njaa. Muhogo mbichi ulitwangwa, ukaanikwa harakaharaka na kuliwa kwa jina la chinyanya. Watu wakaugua kwa sumu, na mtafiti Nicholas Mlingi na wenzake wakalichunguza tukio hilo.

Sianidi inayobaki kwenye ugali hukutana na fundi wa pili: mwili wenyewe. Kimeng'enya cha rodanesi huibandika salfa, ikawa thiosianeti na kutoka kwa mkojo. Salfa hiyo chimbuko lake ni asidi amino mbili, methionini na sisteini, nazo hazipenyi utando wa seli hivihivi; hupitishwa na protini maalumu zilizo kama milango. Protini iitwayo xCT huingiza sistini moja, yaani sisteini mbili zilizoungana, na kutoa glutamati moja. Asidi amino zikipungua, protini nyingine, ATF4, huamsha jeni ili milango iongezwe.

Lakini milango haizalishi chakula. Muhogo una protini kidogo sana, na anayeula mtupu kwa wiki nyingi huishiwa salfa huku sianidi ikiendelea kuingia. Katika hali kama hiyo ugonjwa wa konzo hupoozesha miguu. Ng'ambo ya mto Ruvuma, mkoani Nampula nchini Msumbiji, konzo iliwapata zaidi ya watu 1,000 mwaka 1981.

Kila chembe ya sianidi iliyoondolewa uwanjani ni salfa iliyookolewa kwa ajili ya kujenga mwili. Mtafiti Howard Bradbury wa Australia aliongeza hatua moja kwenye ufundi huu: unga hulowanishwa, hutandazwa kwa unene usiozidi sentimita moja, kisha huachwa saa mbili juani au tano kivulini. Ugali husongwa siku hiyohiyo, na ukiliwa kwa dagaa, methionini huingia pamoja nao.