Barua Mbili za Plinius Katika Darasa la Keshero

Barua mbili ambazo Plinius Mdogo alimwandikia mwanahistoria Tacitus, yapata mwaka 106 au 107, juu ya mlipuko wa mlima Vesuvius wa mwaka 79, aghalabu hutumiwa na walimu wa Kilatini kama zoezi la sarufi. Ni fupi, zina kisa, na sentensi zake si ngumu kupita kiasi. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba mahali kama Keshero, mtaa ulio magharibi mwa mji wa Goma, zoezi hilo likifanywa kwa kupitia Kifaransa peke yake humnyang'anya mwanafunzi msaada ulio karibu naye kuliko wote, yaani Kiswahili. Hasara hiyo humpata Plinius pia, kwa kuwa uzuri wa barua zake, na kasoro zake, hubaki vimefichika.

Hali ya kufundisha yafaa ielezwe kwa kifupi. Mwanafunzi wa tawi la Kilatini na Falsafa nchini Kongo hufasiri kwa Kifaransa, kwa sababu hiyo ndiyo lugha ya mtihani wa taifa. Kamusi ni ile ya Félix Gaffiot ya mwaka 1934, na pengine nakala moja huzungushwa darasa zima. Mwalimu mara nyingi ni kijana mwenye cheo cha asistenti katika taasisi ya juu, ambaye hujaziliza riziki yake kwa vipindi vya sekondari. Elimu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2019 ilihusu shule za msingi, kwa hiyo katika sekondari mchango wa wazazi umeendelea kuwa sehemu ya kipato chake; mama wa mwanafunzi asipouza sokoni, mwalimu naye hali. Mwishoni mwa Januari 2025, kundi la M23 lilipouteka mji, benki zilifungwa, na hata mshahara mdogo wa serikali ukawa safari. Mtu wa namna hiyo hana usiku mrefu wa kuandaa somo. Huchukua tafsiri ya Kifaransa iliyokwisha kuchapwa, akaisoma kwa sauti, nao wanafunzi wakainakili. Hatumlaumu. Lakini tafsiri hiyo inayomwokolea muda ndiyo tunayotaka kuihoji.

Tuanze na jambo jepesi. Anayekufa katika barua ya kwanza ni avunculus wa mwandishi. Kifaransa kina neno moja, oncle, kwa ndugu wa baba na ndugu wa mama. Kilatini kina mawili, patruus na avunculus. Kiswahili nacho hupambanua: mjomba si amu wala baba mdogo. Mtoto wa Keshero anaijua tofauti hiyo kabla hajaanza shule. Akiambiwa mjomba, anaelewa mara moja kwa nini kijana huyu alikuwa akikaa Misenum pamoja na mama yake katika nyumba ya mkuu wa merikebu za vita: ni nyumba ya ndugu yake mama.

Neno zito zaidi limo katika barua ya pili. Mjomba amekwisha kuondoka kwa merikebu kwenda kuwaokoa watu wa ng'ambo ya ghuba. Plinius, aliyekuwa katika mwaka wake wa 18, amebaki. Ardhi inatikisika, mama na mwana wanakaa uani, naye kijana anaagiza kitabu cha Livius, anasoma, na hata anaandika dondoo. Rafiki wa mjomba aliyetoka Hispania anawakuta, anamkemea mama kwa uvumilivu wake na mwana kwa kutojali kwake. Kijana hainui kichwa. Zaidi ya miaka 25 baadaye anamwambia Tacitus kwamba hajui kama hali ile aiite constantia au imprudentia.

Hapa njia ya Kifaransa ni telezi. Mwanafunzi huandika constance na imprudence, akapata alama zake, wala hakufikiri lolote, maana amebadilisha silabi ya mwisho tu. Kiswahili hakimpi zawadi hiyo, kinamlazimisha kuchagua. Constantia ni uthabiti, au ushupavu, au msimamo? Ushupavu tunaukataa, kwa sababu umekaribia mno ukaidi, na Plinius alitaka neno la sifa lipingane na neno la lawama. Uthabiti unafaa. Sisi, hata hivyo, tunapendelea msimamo, ijapokuwa siku hizi neno hilo linanuka siasa, kwa kuwa ndani yake mna kitenzi kusimama, kama vile ndani ya constantia mna stare. Na imprudentia? Asili yake ni kutoona mbele. Kiswahili husema hivyo hivyo, kutoona mbele, bila kuhitaji somo la asili ya maneno. Basi kijana anajiuliza kama alikuwa amesimama imara au alikuwa haoni, na anajiuliza hayo juu ya ardhi isiyosimama. Ukali huo hauonekani katika constance na imprudence.

Mwalimu wa Keshero hahitaji kuelezwa swali hilo. Lava ya Nyiragongo ilishuka tarehe 22 Mei 2021. Matetemeko yakaendelea siku kadhaa. Tarehe 27 Mei serikali ikaamuru sehemu ya mji ihame, na wengi wakashika njia ya Sake, upande huo huo wa magharibi. Mwenye bunda la karatasi za kusahihisha alipaswa kuamua kama aendelee kuhesabu makosa ya vitenzi au afunge mzigo. Ila Plinius alikuwa na magari ya kukokotwa na watumwa wa kumletea kitabu. Kujidhihaki kwake ni kwa mtu aliyekwisha kuokoka na kupata cheo, na msomaji ana haki ya kulipima kwa kadiri hiyo.

Kasoro kubwa ya barua ya pili tunaiona katika umati. Plinius anawasikia wanawake wakiomboleza, watoto wakilia, wanaume wakiita. Anasema walitafutana kwa sauti gizani, na kwamba walikuwapo walioongeza hatari za kweli kwa uvumi wa uongo. Ni kurasa za ajabu, na mtu yeyote wa Goma aliyekimbia mwaka 2002 au 2021 atazikubali. Lakini hakuna hata mmoja katika umati ule mwenye jina. Watu wale wanamsukuma mwandishi nyuma yake, naye anawadharau kwa kufuata shauri la wengine badala ya lao. Msomaji wa Keshero yumo katika umati huo. Ni vigumu asome kutoka kwenye gari la Plinius.

Kuna pingamizi lisiloepukika: mtihani haufanywi kwa Kiswahili. Ni kweli, na mwalimu anayeusahau anamwibia mwanafunzi wake. Tunachopendekeza ni kwamba Kiswahili kije kwanza, mdomoni na katika daftari, ndipo Kifaransa kifuate, kikiwa kimekwisha kueleweka kinachofasiriwa.

Wala tusidhani kwamba ujirani wa volkano hurahisisha kila kitu. Mwalimu akisema kwamba Vesuvius ni kama Nyiragongo, darasa litangojea mto wa moto, nao haumo katika barua. Mna wingu, majivu na mawe mepesi. Ujuzi wa mahali waweza kupotosha, na mfano mzuri ni kifo cha mjomba. Ufukweni mwa Stabiae alilala juu ya kitambaa kilichotandikwa, akaomba maji baridi mara kwa mara. Moto na harufu ya kiberiti vikawakimbiza wengine. Akainuka akiwaegemea watumwa wawili, akaanguka papo hapo, pumzi yake ikiwa imezibwa, kwa maoni ya mwandishi, na caligo iliyozidi uzito. Mwanafunzi wa Keshero atasema: mazuku. Neno hilo la wakazi, lililokwisha kuingia katika lugha ya wanasayansi wa volkano, ni la hewa ya kaboni dioksidi inayotulia mabondeni kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, na ambayo huua mbuzi, na pengine watoto, kati ya Goma na Sake. Kama tafsiri, ni kosa. Caligo ni giza au ukungu mzito, huonekana, na hapa harufu imetangulia. Mazuku hayaonekani wala hayanuki. Hata hivyo tungemwachia neno lake pembeni mwa ukurasa, kwa sababu limeleta swali ambalo kamusi haileti: je, hewa ilikuwa mbaya zaidi chini alipolala kuliko juu waliposimama wenzake? Kulijibu, ingefaa tujue yaliyowapata wale watumwa wawili waliomwinua. Barua haisemi.