Jeusi Ti, Jeupe Pe

Hivi karibuni tulialikwa kutazama picha za zamani za wazee wetu, zilizochapwa upya kwa printa. Chini ya taa za ukumbi zilipendeza. Tulipozisogeza dirishani, nyuso ziligeuka kijani. Buibui la bibi lilikuwa doa moja, mikunjo yote imepotea.

Printa ya kawaida hupata kijivu kwa kuchanganya wino wa buluu, majenta na manjano, na mchanganyiko huo hubadilika sura kila mwanga ubadilikapo. Dawa ipo. Mwaka 2005 Epson walitoa wino wa K3, wenye weusi wa viwango vitatu. Rangi huongezwa kidogo tu. Kabla yao, Jon Cone wa Marekani alikwishatumia wino wa weusi na kijivu mtupu.

Karatasi nayo ina lake: ikinyonya wino mno, vivuli hugandamana. Mchapaji ajaribu kipande kwanza, akitazame mchana na usiku. Tena asikimbilie kuipaka kila picha hudhurungi ili ionekane ya kale. Siku ile bibi alikuwa msichana, na buibui lake lilikuwa jipya, jeusi ti, kila mkunjo ukionekana.